Alama ya Sikio

Kautokeino, saa sita mchana, taa zinawaka.
Ravdna amevua glavu moja tu;
kwa mkono huo anachomeka diski ya chama cha wafugaji,
ile iliyodondoka kwenye theluji.

lsblk. Mti unaota kiooni:
sda ni yake. sdb ni mgeni
mwenye matawi matatu.
La kwanza dogo, la kuwashia mashine.
La pili halikumbuki hata jana.
La tatu, giga mia mbili,
halina jina.

"Utajuaje ni letu?" anauliza Jovnna.

"Wewe kulungu wako wa theluji humjuaje kundini?"

"Kwa sikio. Kushoto mikato miwili, kulia ncha imeondolewa."

"Na hiki kina sikio."
blkid: tarakimu na herufi, ndefu kama deni.
"Leo kinaitwa sdb, kesho kitaitwa sdc,
kutegemea nani katangulia mlangoni.
Sikio ni lile lile."

Anaunda folda tupu, anaiita zizi,
maana kundi haliingizwi hewani.
Anapachika kwa kusoma tu,
asije akakanyaga nyayo za watu.

Kimya.
Jovnna anadhani imekufa.
Hajui: mashine hii ikifaulu
haisemi neno.

Kisha masikio, elfu na mia mbili,
yamechorwa kwa mkono, yakapigwa picha,
na moja, pembeni, kwa mwandiko wa mkewe:
alama ya binti yao,
wa Oslo, asiyewahi kushika kisu.

Jioni Ravdna anataka kupachua.
Mashine inakataa: panatumika.

Kweli. Jovnna hajafunga ile picha.