Uzito Uliopotea

Imefika jana usiku kwa basi la Tanga,
mifuko mia na ishirini ya wavu
ndani ya gunia la mkaa lililofuliwa.
Konda katoza nauli ya mzigo
kwa majani makavu.

Hapa chuoni tunapaita Mlimani.
Shehiza alipokuja mara ya kwanza akauliza,
"Mlima wenyewe uko wapi?"
Nikamwonyesha kipando cha kwenda maktaba.
Alicheka hadi akashika ukuta.

Kazi yangu ni kufungua,
kupangusa udongo kwa mswaki wa zamani,
kuweka jani tanurini, nyuzi sitini, siku mbili
(umeme ukikatika tunaanza upya),
kisha mizani.
Liliondoka hapa na gramu kumi.
Limerudi na sita na nusu.
Naandika tatu na nusu kwenye safu
yenye kichwa: Uzito Uliopotea.

Jani la msambu wa kule juu, nene kama kandambili,
miezi minane na bado linabisha.
Juu kuna baridi, kuvu haina haraka,
ukungu unaingia asubuhi, unakaa,
unaondoka bila kuaga.
La chini, karibu na mashamba ya iliki,
limebaki mishipa tu, kimia kitupu;
ukiliinua unaona dirisha
na gari la mkuu wa idara.

Kila mfuko una kikaratasi cha Shehiza,
kwa penseli, maana wino hauwezi mvua ya Amani.
Tulimwomba namba na tarehe.
Yeye anaandika:
*Huyu alikaliwa na jongoo.*
*Huyu kanyeshewa wiki tatu, hajalalamika.*
*Huyu mchwa walimwahi, poleni.*

Nikampigia simu. Shehiza, nikasema,
jani ni hili, si huyu. Ngeli tulifundishwa darasa la nne.
Mtandao ukakwaruza, nikasikia matone upande wake.
"Sawa, dada Nakijwa. Lakini wewe
huwaoni wakifanya."

Nyumbani Goba, mama mwenye nyumba
anafagia majani ya mkungu kabla ya adhana,
yale mekundu, mapana kama sahani.
Anarundika. Kiberiti.
"Yakikaa yanaleta nyoka."
Moshi unapanda kwenye nguo nilizoanika.
Gramu zote zile, dakika tano,
hakuna aliyezipokea.
Sisemi kitu. Mimi mpangaji.

Leo mfuko wa themanini na sita umegoma kufunguka.
Mzizi.
Mwembamba kuliko uzi wa kifungo,
umepenya tundu la wavu, umeingia jani lililolainika,
umejigawa mara tatu humo ndani
na kushika.
Kikaratasi: *Huyu kashikwa. Nilimvuta,
aliyemshika hakutaka. Nimekata. Nisameheni.*

Mwongozo uko wazi, ukurasa wa tisa:
mizizi iondolewe na kutupwa.
Nimekaa na kibano mkononi.
Feni inazungusha joto lilelile.
Mizani inasubiri na sifuri zake nne.

Miaka sita nimejumlisha safu hii.
Tani ngapi za msitu nimeziandika zimepotea,
nikaweka sahihi, nikaenda kula chipsi,
na huku zilikuwa zinanyonywa kwenda juu,
tone kwa tone, kwenye shina nisilolijua,
kuwa jani jingine
ambalo Shehiza ataliokota.

Niliutoa. Kazi ni kazi.
Nikaupima peke yake: miligramu nne,
namba isiyo na pa kukaa kwenye fomu.
Sikuutupa. Uko ndani ya bahasha ya mshahara
kwenye droo ya chini.

Mwisho wa ukurasa kuna mstari wa Maoni
ambao sijawahi kuujaza.
Nikachukua penseli.
*Na. 86. Huyu alikuwa njiani.*

Nikafuta.
Nikaandika tena, nikakandamiza.