Kiti cha Upande Huu

Beji niliyopewa getini ilikuwa namba kumi na tisa.
Kwenye daftari la askari, safu ya sababu,
niliandika usaili, kisha nikaona
ukurasa mzima umeandikwa usaili
kwa kalamu ile ile iliyofungwa uzi.

Anyafio, Arua. Majani yamekatwa sawasawa,
jenereta linanguruma kwa adabu,
na bango ukutani: Nafasi zetu haziuzwi.
Sote kwenye benchi tulilisoma
kama watu wasomavyo bei.

Wakaniita: Chandiru?
Nikaitika, ingawa cheti kinasema Candiru,
na kwa herufi hiyo moja nimemlipa wakili elfu thelathini
athibitishe kwa muhuri kwamba mimi ni mimi.
Kwa Kilugbara jina hilo ni taabu.
Sikuwatafsiria.

Walikuwa watatu. Mmoja alitabasamu kwa ratiba.
Mmoja alisafiri usiku kutoka Kampala,
macho yake yalikuwa bado yako Karuma.
Wa tatu, Bwana Ezati, alishika fomu ya alama,
kalamu ikielea kama mwewe juu ya vifaranga.
Tuambie kuhusu wewe. Kwa ufupi.

Nilikuwa nimekariri mbele ya kabati la vyombo:
uwajibikaji, ushirikishwaji, uendelevu,
maneno marefu, viatu vimepigwa rangi.
Yakatoka. Yakakaa mezani.
Hakuna aliyeyagusa.

Kisha Ezati: Umewahi kuvunja utaratibu?

Hapo ndipo nilipokijua kiti.
Miezi kumi na minne nilikaa upande wa pili wa meza,
Yumbe, ndani ya turubai, mkalimani wa kibarua,
nikiwauliza waliovuka mpaka, kwa Kiarabu cha Juba:
Jina? Umri? Mko wangapi? Hati zako ziko wapi?
Kwa ufupi, mama. Foleni ni ndefu.

Akaja Jokudu, wa Kajo-Keji,
amebeba sufuria ndani ya sufuria.
Akahesabu watoto wake kwa vidole: watano.
Mimi niliwaona wanne. Nikamuuliza.
Akakishika kidole cha mwisho, hakukikunja,
akasema, huyu amechelewa tu njiani.
Nami niliyelipwa nitafsiri neno kwa neno
nikamgeukia mwandishi nikasema: watano.
Mwezi ule zilitoka kilo kumi na mbili za mahindi
za mtoto ambaye hakufika.

Niliwaeleza hayo. Si yote.
Kile kidole nilikibakiza.

Feni ikazunguka. Wa Kampala akaamka kabisa.
Ezati akaandika kitu,
kifupi mno kuwa sentensi, labda tarakimu.
Una swali lolote kwetu?
Nilikuwa nalo. Nikasema sina.
Tutakupigia.

Getini askari akanirudishia kitambulisho,
akasoma jina, akausoma na uso.
Mimi mle nimesailiwa mara tatu, akasema.
Mara ya mwisho waliniuliza
najiona wapi baada ya miaka mitano.
Akacheka peke yake, akalipiga geti kofi,
kama mtu anayemsifu ng'ombe wake.

Bado safu moja: saa ya kutoka.
Sikuwa na saa.
Andika tano na nusu, akaniambia.
Nikaandika tano.
Kwenye nusu, kalamu ikagoma.