Neno la Kivumbasi

Ahero, mpunga ukishazama magotini,
mama huvunja tawi moja la kivumbasi
akaliweka juu ya makaa
kando ya kitanda cha Akumu, mjukuu wake.
"Kinatuficha," husema.
"Mbu akija, haoni nyumba."

Mimi kazi yangu iko Kisumu, maabara, chumba cha nyuma:
kumlaza mbu jike juu ya barafu,
kumbana kwa tone la nta,
kisha kuchoma kipapasio chake kwa sindano ya kioo
nyembamba kuliko uongo wa mtoto.
Kwenye skrini mstari wa kijani umelala.

Nampulizia harufu ya soksi niliyolala nayo.
Mstari unaruka.
Nampulizia pumzi yangu mwenyewe.
Unaruka tena.
Haoni nyumba, mama. Hakuwa akiitafuta nyumba.
Kwake sisi ni kijito cha jasho gizani,
naye hukipanda, kona kwa kona,
hadi kwenye chemchemi:
kifundo cha mguu wa Akumu, nje ya shuka.

Kisha tone la mafuta ya kivumbasi.
Nilitarajia kimya. Nilitarajia pazia.
Mstari ukapaa hadi ukingo wa skrini
na kukataa kushuka.

Kumbe hatukufichwa.
Jani linafoka, linafoka usoni pake,
mpaka kijito chetu anakiacha
kama mtu anayetoka kwenye nyumba ya ugomvi
akisahau alichofuata.

Na ugomvi wenyewe si wetu.
Ulianza kabla ya vitanda, kabla ya makaa,
mmea ukimwambia kiwavi: usinile.
Sisi tumeliazima neno hilo
bila kumwomba mwenyewe.

Jumapili nikampigia simu mama, nikamweleza yote,
hata sindano, hata soksi.
Akanyamaza. Nikasikia kuku.
"Kwa hiyo kinamfukuza," akasema. "Afadhali.
Nani anataka kujificha ndani ya nyumba yake?"
Kisha: "Hudumu kwa muda gani?"

Masaa mawili, nikasema. Pengine matatu.
Harufu ni kitu kinachoondoka,
ndiyo maana humfikia.

Usiku huo, Akumu aliniambia baadaye,
bibi aliamka saa saba kuongeza tawi,
akawasha taa,
akashona tundu la chandarua kwa uzi mwekundu,
akilalamika kwamba mweupe umeisha.