Daftari la Mwosha

Bi Tima Lali alipokufa, mpwawe wa Langoni
aliniletea daftari la kurasa mia na kumi,
lanuka karafuu maiti na samli.
"Nichapie. Ukurasa shilingi ngapi?"
Nikamwambia thelathini. Za kutisha, thelathini na tano.
Akacheka. Mie sikucheka, nilikuwa nadaiwa kodi.

Miaka arubaini aliosha wanawake wa Mkomani
na kila aliyemwosha alimwachia kisa.

Bi Zuhura Famau, kwa mfano, na jino lake la dhahabu:
mkaza mwana alitia kidole kulitikisa,
maiti akauma.
Hakuuma kwa hasira, ameandika Bi Tima,
aliuma kwa adabu, kama mtu anayeshika nafasi kwenye foleni.
Yasini ikasomwa, maji yakamiminwa,
akaletwa fundi wa meno kutoka Mokowe. Wapi!
Aliachia pale tu mkaza mwana alipokiri, mbele ya mashahidi,
deni la leso doti mbili na sufuria yenye mfuniko.

Halafu punda wa Bwanaheri,
aliyelia usiku akitaja jina la atakayekufa,
ila alikuwa na kigugumizi.
"Bwa... Bwa..."
Bwanadi akagawa mali.
Bwanamkuu akawaomba radhi wake zake wote watatu
(wawili hawakuwa wakijuana).
Bwanakombo akatoa zaka ya miaka tisa.
Bwanaheri akawacheka, akawacheka,
mpaka akakwamwa na mwiba wa changu.
Alfajiri punda akamalizia, "...naheri,"
polepole, kama mtoto aliyefaulu kusoma.

Na mpangaji wa orofa ya juu:
hakupika, hakukohoa,
zidakani mwake walikaa paka wasiopepesa.
Mwenye nyumba hakushuku kitu
hadi alipolipwa kodi kabla ya mwezi kwisha.
Hapo ndipo alipokimbia, akaacha viatu.

Nilipokuwa nikichapa, kompyuta ilipiga mstari mwekundu
chini ya kila neno la Kiamu: mato, kitwa, ndoo, moya.
Ukurasa ukawa kama mgongo wa mtu aliyecharazwa.
Nikasahihisha: macho, kichwa, njoo, moja.
Asubuhi nikakuta mato.
Nikasahihisha tena.
Asubuhi: mato, mato,
mawili kwenye kila ukurasa,
yakinitazama.

Kisa cha mwisho hakikwisha.
Bibi harusi anachorwa piko. Maua yapanda
kiganja, kiwiko, bega,
mchoraji amekwisha kunawa mikono, maua bado yapanda,
shingo, kidevu,
yamefika mdomoni, yanaufungua, na

Hapo tu. "Na."
Nimegeuza karatasi, nimeitazama dhidi ya taa,
nimetikisa daftari zima: likadondosha punje ya ubani
na risiti ya sabuni.

Usiku wa jana umeme ulikatika Lamu nzima.
Kioo changu kikabaki na mwanga,
kikaandika chenyewe, herufi baada ya herufi,
kwa kidole kimoja, wanavyochapa watu wazima:

ndoo mwanangu utie nukta

Mwosha huoshwa, hilo nililijua tangu chuoni.
Mchapaji je, huchapwa?
Sikupata wa kumuuliza, wala bei yake.

Leo kwenye kidole gumba pana ua moja,
dogo, jeusi. Zuri, wallahi,
zuri kuliko la harusi yangu.
Nimelisugua kwa ndimu, kwa chumvi, kwa mafuta ya taa.
Sasa yako mawili.

Mpwawe anabisha hodi, ataka karatasi zake.
Namwambia subiri, umebaki ukurasa mmoja,
huo sikutozi,
ingia ndani ukae, usiguse kitu,
na