Karani Asitoke Kitini

Mwaloni Kirumba, saa kumi na moja alfajiri,
magunia ya dagaa yamepangwa hadi mlangoni
na dirisha la programu yangu limeganda.
Nyanzobe anabofya. Anabofya tena, kwa hasira.
Kipanya hakina kosa, namwambia,
kosa ni langu:
nilimpa karani mmoja kazi mbili,
apokee wateja, na yeye huyo huyo
abebe ripoti kwa miguu hadi Bukoba.
Sasa ameondoka. Dirishani hakuna mtu.

Usiku huo, Mabatini, umeme ukikatika na kurudi,
niliandika upya.
Karani asitoke kitini. Aizungukie foleni tu:
nani amebofya, nani ameandika,
huyu, yule, tena huyu.
Mizigo nikampa kijana wa nyuma ya pazia,
nikamwonya: usiguse kioo,
kuchora si kazi yako.
Ukimaliza, panga foleni useme, kama wengine.

Leo mizani inasoma, kilo zinapanda,
mstari wa kijani unajaa polepole pembeni
na Nyanzobe anauza bila kuungoja.
Mara kisanduku kidogo kinaibuka:
*Ripoti haijafika. Nijaribu tena, au niache?*

Anacheka. "Kumbe siku hizi kinauliza!"
Hakijibu.
Kwanza anamfungia gunia mteja wa Geita,
kamba, chenji, salamu kwa watoto,
na kisanduku kimetulia pale pale, kinangoja,
huku namba za mizani zikiendelea kucheza.