Jiwe Shuzi

Mama alilipa jina kabla yangu.
Machimboni Kiomoni, chini ya turubai lililoraruka,
wanawake sita juu ya matairi chakavu,
nyundo juu, nyundo chini, kokoto kwa debe,
na kila lilipopasuka lile jeusi
Bi Nyamvula aliziba pua kwa ncha ya leso:
"Nani tena? Nani?"
Wote wakacheka, wote wakakana.
"Si mtu," alisema mama. "Jiwe shuzi hilo."

Miaka kumi na tisa baadaye nimerudi na kisanduku,
chupa ya asidi, utepe, daftari lisilolowa,
na barua yenye muhuri inayoniruhusu kuokota
nilichokuwa nikikikalia.

Naanza chini.
Vipunje viduara, vidogo kama mayai ya dagaa,
kila kimoja kimebiringishwa na wimbi
kikavaa chokaa, koti juu ya koti.
Naandika: maji ya magotini, ya vuguvugu, jua likifika chini.
Tone moja la asidi: jiwe latoa povu,
laguna kama mtu aliyeamshwa kabla ya alfajiri.

Wageni wa Tanga, waja leo waondoka leo.
Bahari hii ilikuja ikakaa
mpaka ikasahau kuwa ni mgeni.

Juu ya vipunje, makombe. Juu ya makombe, tope laini.
Kisha lile jeusi,
shubiri mbili na nusu.
Hakuna kombe. Hakuna hata tundu la mnyoo.
Limelala pindo juu ya pindo
kama leso mpya dukani, zisizovaliwa na mtu.

Nikapakia. Nikasaga. Nikasubiri miezi minne
zamu yangu kwenye mashine ya watu.
Kombe lililo chini ya jeusi, lilipokuwa likijijenga,
lilitunza hesabu ya joto bila kujua:
oksijeni nzito kiasi hiki, nyepesi kiasi kile.
Nyuzi ishirini na sita, inasema mashine, au saba,
ikiwa chumvi ilikuwa kama ya leo,
ikiwa mvua haikupenya jiwe ikafuta maandishi.
Ikiwa, ikiwa. Mshahara wangu unatoka kwenye neno hilo.

Na ndani ya jeusi, chini ya lenzi,
fursadi!
Vishada vya chuma na salfa, vidogo, vinalingana,
vilivyozaliwa majini kabla ya kufika sakafuni.
Hapo sikuwa na ikiwa.
Bahari ya Kiomoni ilikata pumzi.
Kutoka chini hadi karibu na juu, maji yalioza kama yai,
na harufu ikafungiwa humo
miaka milioni mia na sitini na kitu
ikingoja nyundo ya mama.

Fomu ina kisanduku: *Aliyetambua tabaka.*
Nikaandika: Mwanakombo Hoza, mvunja kokoto.
Wakairudisha. Wanataka cheo.
Nikaongeza: mkuu.

Nikampigia.
"Mama, lile jiwe, nimejua kwa nini—"
"Linanuka. Ndiyo waliyokufundisha miaka yote hiyo?"
"Bahari ilikosa hewa."
Akanyamaza. Nikamsikia akikohoa,
kile kikohozi chake cha vumbi kisichofika mwisho.
"Muda gani?"
"Kama miaka elfu thelathini. Sina hakika."
"Ikapata tena?"
"Ikapata. Tabaka la juu lina kombe moja.
Dogo. Kama ukucha wa mtoto."
"Moja," alisema, akavuta pumzi, ikakwama, ikapita.
"Basi liandike na hilo. Usiandike harufu tu."

Nilitaka kumwambia kuhusu nyumba yetu,
kwamba nimechungulia msingi upande wa jikoni
na jeusi limo, limeshika ukuta.
Lakini nyuma yake kitu kilipasuka
na sauti ya Bi Nyamvula, kutoka puani, ikauliza:
"Nani tena?"