Mafuta Si Mafuta

Arshavir amekuja na chupa ya plastiki kwapani,
kainunua Martuni, nusu bei, kifuniko kimelegea.
"Jaza," ananiambia. "Mafuta ni mafuta."
Namtazama kama mtu aliyesema maji ya betri ni supu.

Gari ni Volga ya mwaka sitini na tatu,
rangi ya maziwa yaliyoanza kuchacha.
Babu aliipata baada ya miaka kumi na tisa
ndani ya mgodi wa shaba, Kajaran.
Mishipani mwake mna mafuta mekundu,
mbarika iliyochanganywa na spiriti,
hunuka kama duka la dawa lililofungwa zamani.
Hayali rangi. Hayana haja na maji.
Ila Januari, baridi ikizama chini ya ishirini,
huganda kama mchuzi wa jana
nawe unakanyaga jiwe.

Ya manjano hayaijali baridi,
lakini yana kiu.
Hunywa unyevu kupitia tundu la kifuniko,
kupitia mpira wenyewe,
kimyakimya, kama mlevi anayeficha chupa kwenye buti.
Mwaka wa kwanza huoni kitu. Wa pili yamekuwa chai.
Wa tatu, mteremko wa Selim, kona ya saba,
breki zimepata moto,
maji yale yanachemka, yanakuwa mvuke,
na mvuke hausukumi kitu.

Sikubishana naye. Nilichukua chupa tupu ya jemu ya aprikoti,
nikamimina kidole cha mekundu, kidole cha manjano,
nikatikisa, nikaiweka dirishani, tukanywa kahawa.
Kahawa haijaisha, yalikuwa yameshaachana:
mekundu juu, manjano chini,
katikati utando kama maziwa yaliyokatika.
Arshavir akanyamaza. Yeye si mtu wa kunyamaza.

Sikumwambia yaliyobaki.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, babu kalala mchana.
Nikaona kikopo kimepungua,
nikajaza ya manjano, robo chupa,
nikafuta ukingo kwa kitambaa, vizuri,
alivyonifundisha.
Wiki ya pili yake alishuka Selim
na kondoo wanne kiti cha nyuma
na pedali ikaenda mpaka sakafuni, ikabaki huko.
Aliliingiza gari kwenye lundo la nyasi la watu wa Aghnjadzor.
Kondoo mmoja alivunjika mguu. Yeye, meno mawili.

Alirudi akivutwa na trekta.
Akafungua kikopo, akanusa.
Akanitazama, mimi niliyeshika mlango kana kwamba ungeanguka.
Akafunga.
Jioni alichukua msumari, akachora kifuniko:
MBARIKA TU.
Herufi kubwa, za mtu anayemwandikia mtoto.
Hilo ndilo neno lote tulilozungumza.

Mbarika sasa haipatikani. Chupa yake ya mwisho
ina mashapo yasiyotikisika.
Basi leo nabadilisha, lakini si kwa kujazia.
Nimemwaga yote. Nimeosha mabomba kwa spiriti, mara mbili,
mara ya tatu kwa sababu sijiamini.
Mipira mipya, magurudumu manne na silinda kuu,
maana ile ya zamani ilizoea mbarika
na mpira haujifunzi uzeeni.
Manjano, ndiyo, lakini chupa niliyoivunja lakiri mwenyewe asubuhi hii;
ya Arshavir ataipeleka kwenye bawaba za lango lake.
Miaka miwili, kisha yote nje, hata yakiwa safi machoni.

Kifuniko cha babu sasa kinasema uongo.
Nimebandika utepe juu yake, nikaandika tarehe.
Sikukikwangua.

Niko chini ya gari, spana mkononi,
Arshavir kakaa kwenye usukani kama waziri.
Kanyaga.
"Nimekanyaga."
Shikilia.
Mpira mwembamba unakohoa povu ndani ya chupa ya jemu.
Nafunga. Achia.
"Imekuwa ngumu kidogo," anasema.
Bado kuna upepo.
Kanyaga.